Huyu Anagombea Nini?

Mpendwa mdogo wangu Krispini,

Tumsifu Yesu Kristo. Na marahaba, ingawa hujaniamkia. Shikamoo yako naipokea hukohuko njiani ilikokwama, nisije nikaonekana mkubwa asiye na adabu. U mzima? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko Ubelgiji? Unakula ukashiba? Sisi huku Sumbawanga tu wazima kwa neema za Mungu. Upepo umeanza, ule wa kupasua midomo. Mahindi yameshaingia ndani. Mama anakusalimu. Miguu inamsumbua na macho yanaanza kufifia, lakini mdomo wake ni mzima kabisa, wewe si unamjua.

Barua hii naiandika wazi, asome anayetaka, kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe nikikutumia naona umeusoma halafu kimya. Wewe nyuso za watu unazianika mbele ya dunia nzima. Basi na mimi langu acha nilianike, labda utaliona ukipita.

Hivi, unawakumbuka Diwani na Mbunge?

Nina hakika huko kwenye ukurasa wako wa mtandaoni hujawahi kuwataja. Wale maksai wawili wa baba, mmoja mweusi, mmoja wa madoa. Yule mweusi baba alimwita Diwani kwa sababu alikula kuliko alivyolima. Wa madoa akamwita Mbunge, maana mwaka mzima alikuwa anazurura kule bondeni, ila siku ya kugawa chumvi ndiye wa kwanza kufika zizini. Asubuhi za kulima kijiji kizima kilimsikia baba: "Diwani, geuka! Mbunge, acha kulala, watu wanataka kula!" Wapita njia walikuwa wanasimama kucheka. Diwani wa kweli wa kata yetu, yule aliyetuahidi daraja la mtoni, alikuja siku moja kulalamika. Baba akamjibu kwa upole wake, "Mheshimiwa, huyu wangu angalau akichapwa anasogea."

Na unakumbuka jicho. Baba alikuwa anamfungua Diwani nira, nzi wakamsumbua, Diwani akageuza kichwa kwa nguvu, pembe ikampata baba juu ya jicho. Hospitali walimshona, lakini kope haikurudi juu tena, ikabaki imelegea kama pazia lililokatika kamba upande mmoja. Wewe ulilia. Baba akakubeba huku bandeji ikiwa bado kichwani, akasema, "Usilie. Sasa nina jicho moja la kuwaangalia watu na lingine la kuwavumilia." Tangu siku hiyo, kila alipoongea na mtu ilikuwa kama anamkonyeza. Ndilo lililokuwa jicho la baba yetu.

Picha yake uliipiga mwenyewe, na kamera yako ya kwanza, ile ya mtumba iliyofungwa gundi ya karatasi. Ulimfuata shambani. Ukamwambia, "Baba, vaa shati zuri nikupige." Akauliza, "Na Diwani naye avae?" Akacheka, na wewe ukabofya palepale. Matope magotini, kope imelegea, jino lake la pembeni halipo, na pembe ya Diwani imeingia kwenye kona. Mama aliitundika sebuleni pembeni ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Hatukuwa na nyingine na hatukuona haja ya nyingine. Krispini, mdogo wangu, hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote ulizowahi kufanya. Nakwambia mimi dada yako niliyeishia darasa la saba. Na mwenyewe hujui.

Kisha ukafungua studio hapa Chanji, chumba kimoja kwa Mzee Salumu muuza vitambaa. Kitambaa cha bluu kwa picha za pasipoti, na lile koti jeusi la studio lililovaliwa na kila mtu, mwalimu, mchunga ng'ombe, bwana harusi, hadi likawa na harufu ya mji mzima. Nilikuwa nakuletea ugali mchana. Nilikuwepo siku aliyokuja yule mgombea mwenye shingo ya mikunjo. Aliiangalia picha yake, akakunja uso.

"Kijana, huyu ndiye mimi?"

"Ndiye wewe, mheshimiwa," ukamjibu kwa adabu.

"Basi nitafutie mwingine."

Mzee Salumu alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilicheka pia. Wewe hukucheka. Uliingia kwenye kompyuta ukamtafutia mwingine, asiye na mikunjo, mwenye meno meupe kama sahani mpya. Aliporudi akakukumbatia. Na tangu siku hiyo, mdogo wangu, kazi yako ni hiyo tu: watu hawataki kuwa walivyo, wewe unawatafutia mwingine. Yule mgombea akakutaja kwa mwenzake, mwenzake akakupeleka Lusaka, wa Lusaka wakakupeleka ng'ambo. Tukapiga vigelegele. Padre alitangaza kanisani kwamba mtoto wa parokia yetu anawapiga picha wakubwa wa Ulaya. Mimi nilivaa kitenge kipya siku hiyo, sikufichi.

Sasa binti yangu Neema ananionyesha kwenye simu hizo picha zako. Nimeziangalia zote. Zile zenye watu weupe, zile zenye watu weusi wanaokuja kwako kutoka nchi za huku, wanaume kwa wanawake. Wote ni mtu mmoja! Kidevu juu kama mbuzi anayenusa mvua. Mikono wamefumbata kama wanasubiri chai ichelewe ili wamkaripie mtu. Macho yanatazama mbali, sijui wanatazama nini, maana shida za watu wao ziko karibu tu, hapo miguuni. Ngozi haina kovu, haina chunusi, haina hata kitundu cha jasho. Huyu mtu hajawahi kutoka jasho? Mungu alipomuumba Adamu alitumia udongo, Krispini. Wewe unatumia nini, mafuta ya mgando?

Niliwahi kukuuliza kwa simu, enzi zile unapokea. Nikasema, mbona wanafanana? Ukacheka kile kicheko chako kipya cha puani. Ukasema, "Dada, mimi sipigi sura. Napiga cheo."

"Na sura inabaki wapi?"

"Sura inabaki nyumbani."

Nilidhani ni utani. Nikakwambia kaungame. Ukasema huko makanisa yako mbali.

Mara ya mwisho ulipokuja, uliitoa picha ya baba ukutani. Ulisema imepauka, utaenda kuisafisha uirudishe. Baba mwenyewe alikubebea begi hadi barabarani. Alama ya msumari bado ipo hapo ukutani, na pale ilipokaa fremu rangi ya ukuta ni tofauti. Mgeni akikaa sebuleni, macho yanaenda hapo.

Halafu baba akafariki. Hukuja. Ulisema kuna mheshimiwa ana kampeni, huwezi kumwacha katikati. Haya. Tulilia wenyewe, tukachimba wenyewe. Tukakuomba kitu kimoja tu, picha, kwa sababu unajua desturi yetu, mjukuu anatangulia na picha mbele ya jeneza ili watu wamsindikize mtu wanayemwona. Ukasema, "Msijali, naituma, nimemtengeneza vizuri." Neema akaipeleka steshenari mjini, ikachapwa kubwa, ikawekwa fremu ya dhahabu, ikaja kanisani imefunikwa kwa kitambaa cheupe.

Wakafunua.

Niliona suti, tai, mabega mapana. Kidevu juu. Meno yote yapo. Macho mawili yamefunguka sawasawa, yanatazama kule mbali wanakotazamaga wote. Na kwenye ukosi wa koti, beji ndogo ya bendera ya nchi ambayo baba yetu hakuwahi hata kusikia jina lake. Ulichukua mwili wa mmoja wa waheshimiwa wako, ukaweka kichwa cha baba juu yake, na beji ukasahau kuitoa! Fundi mkubwa wa Ulaya! Enzi za koti la studio usingefanya uzembe huo, maana Mzee Salumu angekuzaba kofi.

Shangazi, si unajua haongei taratibu, akauliza kanisa zima likasikia, "Huyu anagombea nini?"

Watu wakaanza kubana vicheko ndani ya vitenge. Katekista, maskini, alikuwa hajamwona baba miaka mingi. Akadhani kuna mkubwa fulani ametuma rambirambi pamoja na picha yake. Akasimama pale mbele na kwa heshima zote akasema, "Tunamshukuru mheshimiwa kwa kuungana nasi katika msiba huu. Tuna imani siku moja atafika mwenyewe."

Hapo kanisa lilipasuka. Msibani, Krispini. Mbele ya jeneza la baba yako watu walicheka hadi wakashika mabenchi. Hata mimi, Mungu anisamehe, kicheko na kilio vilinitoka pamoja nikashindwa kujua kipi ni kipi.

Mama hakucheka. Alinyanyuka, akaenda mbele taratibu na fimbo yake, akaisogelea ile picha hadi pua inakaribia kugusa kioo. Akasema, "Huyu simfahamu. Mtoeni mbele ya mume wangu." Wakaigeuza ikatazama ukuta. Baba akaenda kaburini bila uso. Mjukuu alitangulia mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

Nilipokupigia kukueleza, ulikasirika. Wewe ndiye uliyekasirika! Ukasema, "Nimemheshimisha baba." Kwa nani? Wanaomfahamu walimheshimu akiwa na matope. Wasiomfahamu inawahusu nini? Nikajua ni kwa nani siku Neema aliponisomea ulichoandika chini ya ile picha kwenye ukurasa wako, kwamba huyu ni baba yako, alikuwa mtawala wa jadi wa nyanda za juu za Ufipa. Na watu wa huko wanakupa pole, wanasema kweli sura ya uongozi inaonekana. Neema alimtafsiria mama. Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akasema, "Hajadanganya. Aliwatawala Diwani na Mbunge." Akafuta machozi, akaongeza, "Na wale walikuwa wanamtii."

Sasa nisikilize, ndugu yangu, hapa ndipo penye shida yangu. Kejeli zangu ni za juu juu tu, chini yake kuna maumivu.

Tunalijengea kaburi kiangazi hiki. Fundi ameshamwaga zege, na katikati ya msalaba ameacha nafasi ya mraba, ya kuweka kigae chenye picha. Amesema tukimpa ile ya tai anaweza kuiweka kesho. Mama amekataa. Anasema bora nafasi ibaki tupu, ndege wajenge. Lakini juzi, tunachambua maharage, ameniuliza kwa sauti ndogo sana, "Hivi lilikuwa jicho la kushoto au la kulia?" Nikasema la kushoto. Baadaye nikasema la kulia. Mama akaendelea kuchambua. Ile picha yako nimeiona mara nyingi mno, msibani, kwenye simu ya Neema, kwenye simu za watu wanaonionyesha wakicheka. Na sasa nikifumba macho kumwombea baba kwenye rozari, anakuja yule wa tai. Ninamwombea marehemu, anakuja mgombea! Nafungua macho, naanza upya, anakuja tena, kidevu juu. Wewe hukuharibu karatasi. Umeingia ndani ya sala zangu ukamfukuza baba, ukaniwekea mheshimiwa.

Sikulaani. Nilikubeba mgongoni wewe, sina ulimi wa kukulaani. Waheshimiwa wako endelea nao, wavutie ngozi, wajazie meno, hao wamezoea na wenyewe wanakulipa uwatafutie mwingine. Baba hakukuomba mwingine.

Ulisema sura inabaki nyumbani. Haikubaki. Iko huko kwako, kwenye droo fulani, na Diwani yuko naye kwenye kona. Irudishe. Kama hakuna mtu wa kuileta, iweke mezani uipige kwa simu yako ya mkononi, kama ilivyo, uitume kwa Neema. Iwe imepauka. Mende wawe wamekula pembeni. Usisafishe matope. Usimrudishie jino. Na nakuomba kwa jina la Mama Bikira Maria, lile jicho usilifungue.

Mama anauliza kila jioni kama umejibu, na macho yake hayatangoja sana. Nijibu upesi, mdogo wangu, hata kama ni neno moja tu: la kushoto, au la kulia.

Mungu akulinde na baridi.

Ni mimi dada yako,
aliyekubeba.