Mvamizi Aliyelishwa Majani Mafu

Dada mshauri, Mungu akuzidishie, nishike mkono maana moyo unanidunda kwa furaha na kwa woga. Mimi ni mama wa makamo, naosha vyombo na kuandaa majani katika maabara ya magonjwa ya mimea, shule niliishia la saba, lakini bosi wangu, binti mtafiti ninayemwita Mwanangu, hunieleza kila kitu. Ana ukungu wa maji, yaani vijidudu vinavyoota kama kuvu, wa aina mbili, ndugu kabisa, mmoja anakula majani yaliyokufa, mwenzake anavamia mimea hai, na ajabu ya Muumba, jeni zao, yaani yale maagizo ya ndani, nyingi zinafanana, ila kila mmoja huwasha zake, mla mabaki za kumeng'enya, mvamizi za kuupumbaza mmea usijitetee. Juzi akapiga kelele, “Mama, njoo uone! Mvamizi kawasha jeni za nduguye!” Tukarukaruka, nikaimba mpaka mlinzi akachungulia. Mwisho wa mwezi atawaeleza wakubwa. Sasa dada, jana nikisuuza vyombo nikakumbuka, majani mabichi ya mvamizi niliyamwagia maji ya moto, kama ninavyofanya kwa ya mla mabaki, nikidhani usafi ni usafi, kumbe nimempa maiti! Nikisema, namvunja moyo na kazi naikosa. Nimesali, sijajibiwa.

Mama wa Maabara

Mama, umejibiwa, unachofanya ni kukata rufaa. Barua yako nimeisoma nimesimama kwa raha, lakini umeniudhi: unamwita mtu Mwanangu halafu unamwacha apande jukwaani gizani? Mkubwa mmoja akiuliza, “Majani yalikuwa hai?” ataapa uongo bila kujua, kwa sababu yako.

Mimi si mtaalamu, nikamuuliza jirani yangu mwalimu wa baiolojia. Akaruka kitini! Akasema huenda ukungu uleule huwasha jeni nyingine ukilishwa jani lililokufa, na hilo ni swali tamu kuliko la mwanzo. Huenda tu, lazima lijaribiwe upya.

Kwa hiyo usianze na machozi. Mwandikie huyo Mwanao karatasi: siku gani, trei zipi, maji ya moto kiasi gani. Akinuna, mwache anune. Kisha jitolee kuandaa majani mapya, nusu mabichi, nusu ya maji ya moto, kila trei na kibandiko chake.

Gazeti hili hutoka asubuhi, naye saa hizi yuko kazini. Liweke chini, vaa viatu, nenda.