Chunusi Iliyosafishwa

Shoga, nimejifungia chooni ofisini, nacheka hadi machozi!

Unaikumbuka ile filamu ya zamani, ya kigori anayelia mbele ya kioo kwa sababu ya chunusi puani? Bosi wetu kaisafisha upya iuzwe kwenye diski. Mikwaruzo yote katoa. Na chunusi katoa! Eti alidhani ni uchafu wa mkanda!

CHUNUSI, shoga! Filamu nzima ni hiyo chunusi!

Leo kamwalika mwigizaji mwenyewe, sasa bibi mwenye wajukuu, aje ajionee. Kwenye skrini uso unang'aa kama sahani, na binti analia kwa kwikwi. Bibi akauliza, "Sasa hapo nalilia nini?"

Bosi, bila haya: "Tumekupendezesha, mama."

Bibi akavaa miwani, akamtazama puani taratibu. "Na hiyo yako mbona umeiacha?"