Mjomba Amekuja Kukagua Kampuni Yake

Acha unachofanya usome hii.

Mjomba amekuja dukani kwetu. Si unajua alinunua vipande vya uwekezaji kwenye ule mfuko wa hisa za nje? Juzi kapata gawio lake la kwanza. Gawio lenyewe linatosha sabuni na vocha.

Kumbe mfuko una hisa za kampuni inayotengeneza viatu tunavyouza. Basi mzee kavaa suti ya harusi, mikono nyuma, anapitisha kidole kwenye rafu anatafuta vumbi. VUMBI.

Meneja akamuuliza, "Nikusaidie, mzee?"

"Mimi ndiye nikusaidie wewe. Hii kampuni ni yangu."

Nikajificha nyuma ya maboksi. Kumbuka niko kwenye majaribio, na leo ndiyo meneja alikuwa aamue kama nabaki au nafungasha.

Mjomba hana breki. "Gawio limeingia, nimeridhika. Ila mpwa wangu mbona mmemficha huko nyuma?"

Nikajua nimekwisha.

Meneja akamletea kiti. KITI, ndugu yangu. Sisi wenyewe tunakalia maboksi. Kisha akaniita pembeni, sauti ya chini kabisa: "Kwa nini hukusema kwenu ni wawekezaji?"

Nimesaini mkataba wa kudumu. Mjomba kaahidi kuja kukagua kila mwezi.

Sasa mama ananiambia mjomba anataka kuuza vile vipande anunue mbuzi. Njoo nyumbani kesho, tukae naye tuwaseme mbuzi vibaya mpaka abadili mawazo.