Kalamu Nyekundu ya Mama Mdogo

Chumba cha Walimu,
Meza ya Dirishani.
29 Novemba

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Mama naye ni mzima, ukiacha lile goti ambalo kila daktari analipa jina jipya. Wewe na kazi yako ya wodini mnaendeleaje? Ukikaa kimya tena nitajua baridi imekugandisha vidole.

Sasa habari za binti yako, maana najua umeruka mistari kuzitafuta.

Ulipomleta kwangu nilimwekea sharti: nyumbani mimi ni mama mdogo, shuleni ni mwalimu wake wa hesabu, basi. Niliogopa wenzangu waseme nambeba mtoto wa dada. Kwa hiyo madaftari ya wenzake niliyaandikia "Vizuri" au "Hongera, umejitahidi". La kwake nililiwekea tiki na alama tu. Niliona hiyo ndiyo haki.

Alama zake zikashuka: themanini na mbili, sitini, arobaini na moja. Nikamsema kwa uvivu. Mwalimu mkuu akaniita, akaniambia kwamba mtihani wa mwisho akipata chini ya hamsini atarudia darasa. Sikubisha, sheria ni sheria.

Wiki hiyohiyo kalamu yangu nyekundu ikapotea. Nilimshuku mwalimu wa jiografia, ambaye kalamu za watu humfuata zenyewe mfukoni.

Jumamosi nikakagua madaftari. Nyuma ya daftari la binti yako nilikuta mazoezi ambayo mimi sikumpa, kurasa tisa. Chini ya kila hesabu pameandikwa kwa wino mwekundu, "Vizuri sana." Kaiga mwandiko wangu hadi ule mkia wa z. Hesabu zenyewe nyingi kakosea.

Dada, niliumia. Miaka kumi na minne nafundisha, na mtoto wa nyumbani kwangu anajipongeza mwenyewe kwa kalamu ya kuiba.

Sikumuuliza kitu. Nilichukua kalamu ya bluu nikasahihisha kurasa zote tisa, na pale alipopatia nikaandika, "Hapa umefikiri vizuri. Nimeona." Jumatatu asubuhi alisoma akiwa amesimama mlangoni na sare yake.

"Mama mdogo, hii kaandika nani, wewe au mwalimu?"

"Tumeandika wote wawili."

Mtihani amepata hamsini na sita. Wenzangu wanasema ni tuisheni, nami sibishani nao. Neno zuri halikokotoi hesabu. Alikaa akazikokotoa mwenyewe. Ila siku hizi daftari analileta bila kuitwa, na ule upendeleo niliouogopa hakuna aliyeutaja.

Nisalimie shemeji na yule jirani yenu fundi viatu. Mama anakuombea uzima na zamu nyepesi. Binti yako anakusalimu sana, na anaomba umwandikie kwa mkono wako, si kwa simu.

Jana nimeikuta kalamu nyekundu mezani kwangu, imefunikwa vizuri. Wino umekwisha.

Mungu akutunze huko uliko.

Mdogo wako akupendaye,
Mwalimu