Bakuli la Baba Mkwe

Bi Raisa mpendwa, nakuandikia nikiwa ndani ya gari, nimeegesha nje ya maduka ya Roseville na sina ninachonunua, nimekuja tu mahali ambapo mtu wa nyumbani hataniona nikilia, kwa hiyo nivumilie maneno yakinitoka ovyo.

Mimi ni mwanaakiolojia, kazi yangu ni kuchimba ardhi taratibu na kusoma mabaki ya watu wa zamani, na ni mwanachama wa chama cha kitaifa cha wanaakiolojia hapa Marekani, chama nilichohangaika sana kuingia, na kanuni yake moja ni kwamba mwanachama hatii bei kitu cha kale wala hamsaidii mtu kukiuza, akifanya hivyo anafutwa. Mwezi uliopita chama kilikutana hapa Saint Paul, kikatenga siku moja ya wananchi wote kuja kusikiliza, nami nikachaguliwa kuzungumza juu ya makaburi ya kale ya pwani yetu ya Kenya, basi nikawaalika wakwe zangu wanaoishi hukuhuku, na baba mkwe akavaa kanzu yake ya Idi, akakaa mstari wa mbele. Nikaonyesha picha ya kaburi moja lenye mashimo ya duara ukutani, nikaeleza kwamba hapo yalipachikwa mabakuli ya kaure ya Kichina kuwa pambo, yakang'olewa, na kwa jazba niliyokuwa nayo nikasema waliong'oa ni wezi wasio na haya. Watu wakapiga makofi.

Ijumaa iliyofuata baba mkwe akaja kwetu Maple Grove na kitu amekifunga kwenye leso ya marehemu mkewe, akafungua, na Bi Raisa, lilikuwa bakuli la kaure la kijani, chini yake chokaa ya ukutani bado imeganda. Akaniambia, "Mwanangu, hili ni la kwetu. Niandikie karatasi iseme ni la lini na lilikaa wapi, wakiniuliza niwaonyeshe." Nikajua keshapata mnunuzi, nami kwa fadhaa nikamjibu kwamba mimi si dalali. Akalifunga bakuli lake akaondoka hata chai hakunywa, na tangu siku hiyo hakanyagi kwetu, mzee huyuhuyu aliyewanyamazisha ndugu zake waliposema mke wa mtu hachimbi mashimo maporini na wanaume. Mume wangu, nimwite Yasser, amenuna, ananiambia, "We andika line mbili tu, u-sign, yaishe." Na juzi mzee kamwomba Yasser sanduku gumu maana anasafiri kwenda Lamu, nikazidi kuamini kwamba kuna tajiri huko anayemsubiri. Nikiandika naipoteza kazi niliyoipigania, nisipoandika nampoteza baba. Nifanye nini?

Mkaza mwana, Maple Grove

Binti yangu, futa machozi uwashe gari urudi nyumbani. Nimekuhurumia, halafu nimekukasirikia, na utayasikia yote mawili.

Kwanza, karatasi ya kuuzia usiandike, hata mstari mmoja, na mumeo aache kukusukuma. Jina linalowekwa pale chini ni lako, si lake. Hapo uko sawa kabisa.

Lakini barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali mzee alipotaja bei, sikupaona. Huyo mnunuzi umemtunga wewe. Mzee alikaa mstari wa mbele akakusikia ukiwaita watu wezi, ukumbi mzima ukashangilia. Mtu wa kuuza angelificha bakuli lake akatafuta mtaalamu mwingine. Yeye kakuletea wewe uliyetukana, kwa leso ya mkewe, akakuomba uandike lilikaa wapi. Sasa kaomba sanduku gumu, anakwenda Lamu. Mimi nadhani analirudisha, na hao "wakiniuliza" ni watu wa uwanja wa ndege. Anaogopa kukamatwa njiani kwa jina lilelile la mwizi ulilompa. Wewe unayekaa siku nzima kukihoji kigae, mzee wako hukumuuliza hata swali moja. Imeniuma.

Huenda nakosea, simjui. Kwa hiyo nenda kwake, usingoje aje. Ijumaa hii pika mahamri na mbaazi, na kabla hujafunua sufuria omba radhi kwa neno "dalali." Kisha muulize bakuli lilimfikiaje, umwache amalize, hata kama jibu litakuchoma. Akisema anauza, mkatalie kwa adabu na umweleze kanuni yenu ilivyo. Akisema analirudisha, wapigie simu watu wa maadili wa chama chako, waambie waziwazi kwamba ni baba mkwe wako, wakuelekeze njia ya halali, na uwatafute watu wa makumbusho huko nyumbani walipokee. Hiyo nayo ni kazi ya chama chenu, si kugombeza watu ukumbini tu. Na asilibebe kabla karatasi hazijakamilika, hata safari ikisogezwa mbele.

Mkishakula, itoe ile picha ya ukuta wenye mashimo. Kaa naye, wawili tu, umuulize bakuli lake lilitoka shimo lipi.

Bi Raisa