Mwaka wa Kuzaliwa Kwenye Saa ya Orwa

Buhongwa,
Mwanza.
18 Juni 2025

Mpendwa shemeji Ogweno,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Mama Elias hajambo? Na Elias mwenyewe, shule inaendaje? Nasikia huko Oslo mwezi huu jua linakataa kuzama, sijui mnalalaje. Huku mvua zimekwisha na vumbi la Buhongwa limerudi kwenye mapazia yangu. Ajwang yuko likizo. Ningeandika kwamba sote hatujambo, lakini ningekuwa nakudanganya.

Asante sana kwa saa ya kukimbilia. Kaka yako aliivaa mpaka kanisani, mkono wa shati ameukunja ili wazee waione. Viatu tulinunua kwa Nikhil, mwenye duka la vifaa vya michezo pale mjini. Orwa alikuwa ameng'ang'ania vya mtumba vya soko la Mlango Mmoja, soli imelika upande, eti hivyo vimeshazoea kukimbia! Nikhil akampa vyenye nafasi ya kidole gumba mbele, na soksi zisizo za pamba, maana pamba ikilowa jasho inachubua. Kwa viatu sina neno.

Neno ninalo kwenye saa. Unakijua kile kizunguzungu chake cha mwezi wa tatu. Daktari hakumkataza kukimbia. Alimwambia aangalie mapigo ya moyo: saa ikionyesha kijani au njano aendelee, ikifika nyekundu atembee. Tangu siku hiyo anaitii saa kuliko anavyonitii mimi.

Jumamosi alikimbia kwenda Usagara na kurudi. Alipoingia uani midomo ilikuwa ya kijivu. Akakaa kwenye ngazi, akashindwa hata kufungua kamba za viatu. Nilizifungua mimi. Nikamgeuza mkono niitazame saa: njano. Akacheka bila pumzi, akasema, "Umeona? Sijavuka." Mungu wangu! Kicheko kile kiliniogopesha kuliko midomo.

Jumatatu aliiacha nyumbani, kwa sababu kiwandani kwenye minofu ya samaki hawaruhusiwi kuvaa saa. Nikaichukua mpaka kwa Nikhil nikijua ni mbovu. Akaibonyezabonyeza, akaniuliza mzee ana miaka mingapi. Nikamwambia hamsini na nane. Akanitazama.

"Mama, saa ni nzima. Nyie ndio mmeiambia ana arobaini na nane."

Shemeji, habari yenyewe unaijua. Baba yenu alimpunguzia miaka ili arudie darasa la saba, na kiwandani walipotaka vijana akajipunguzia tena mwenyewe. Ulipokuwa unaiandaa saa ukamwomba tarehe ya kuzaliwa, naye akakutumia picha ya kitambulisho. Wewe ukaandika ulichokiona, sikulaumu. Kumbe saa inapanga zile rangi kwa umri. Mtu akizeeka, nyekundu inatakiwa kuanza mapema zaidi. Kaka yako amekuwa akikimbia kwa kipimo cha kijana ambaye hayupo.

Jioni ile nikamweleza. Alikuja juu! Eti saa inaongea na simu, simu inaongea na mtandao, na mtandao ni mmoja tu. Mwaka wa kweli ukiingia humo, kiwandani watajua, watamstaafisha, na Ajwang hajamaliza chuo. Nikamwambia heri mstaafu kuliko marehemu. Akatoka nje, na mpaka leo tunaongea kwa kupitia Ajwang.

Sasa Jumapili hii ndizo zile mbio anazozifanyia mazoezi, kilomita ishirini na moja. Namba ameshachukua na ameipachika kwenye fulana kwa pini. Nimemsihi asikimbie, nimemwita hata mchungaji. Jibu ni lile lile, kwamba saa itamlinda. Naogopa, shemeji. Naogopa kuletewa ile saa bila mwenyewe.

Kupiga simu siwezi. Nyumba yetu unaijua, kila neno linasikika, na mimi nitaishia kulia. Ndiyo maana Ajwang ataipiga picha barua hii akutumie leo hii. Nenosiri la saa unalo wewe. Weka mwaka wa kweli kabla ya Jumapili, halafu mpigie umwambie kwamba umeubadilisha, maana sipendi kumzunguka mume wangu.

Mama yenu wa Shirati anakusalimu, na magoti yake yana nafuu kidogo. Jirani yetu Gidion pia anakusalimu, anauliza utakuja lini. Mbusu Elias, na umwambie Mama Elias kitenge chake nimeshakishona.

Najua utasita. Kwetu mdogo hamwamrishi kaka yake, nami sikukuta desturi nyingine nilipoolewa. Lakini chukua pasi yako ya kusafiria uitazame vizuri, shemeji. Kwa hayo makaratasi anayoyashikilia, wewe ulizaliwa kabla yake. Basi mpigie kama mkubwa wake, umwamrishe.

Mungu awalinde huko ugenini. Na kaka yako amjalie azeeke kweli, mbele ya macho yangu.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye na kukutegemea,
Truphosa, Mama Ajwang