Siku Sabuni Ilipopanda Lori

Jumapili, 1 Agosti 1993

Baada ya misa mpwa wangu Pendo amenipa habari. Jumamosi kutakuwa na kanivali hapa mjini. Nikamwuliza kama anajua kanivali ni nini. Akasema ni maandamano yenye muziki. Si jibu baya, ila halijakamilika. Nikaanza kumweleza habari za Wabrazili na Kwaresima — akakumbuka kuna nguo za kuanua. Nguo zenyewe alizianua jana.

Habari kamili ni hii. Kampuni mpya ya sabuni ya unga, Ng'aro, inaleta malori manne yaliyopambwa kutoka Dar es Salaam. Yataanzia Msamvu, yapite Mwembesongo, yaishie uwanja wa mpira. Juu ya lori la mwisho kutakuwa na beseni la mbao, kubwa kama chumba changu cha kulala, limejaa sufi badala ya povu. Ndani ya beseni atasimama Pendo wetu. Cheo chake: Malkia wa Povu.

Mwaka 83 sabuni ilikuwa inafichwa chini ya kaunta isionekane. Leo inapandishwa juu ya lori ili ionekane. Miaka kumi tu! Ningekuwa bado nafundisha, ningewapa wanafunzi insha.

Pendo aliniomba nisicheke. Sikucheka. Meneja, Bwana Shukuru, amemwahidi kazi ya kudumu, wakala wa mkoa mzima, kwa sharti moja: afike uwanjani amesimama, anatabasamu, bila kushuka njiani. Malkia wa Iringa alishuka kununua mahindi ya kuchoma. Kazi akaikosa.

Pendo ana miaka ishirini. Tangu amalize kidato cha nne nimemwandikia barua za maombi ya kazi ishirini na moja, kwa mkono wangu mwenyewe, mwandiko mzuri. Hajajibiwa hata moja. Kwa hiyo sina dharau na beseni.

Jumanne, 3 Agosti

Leo nimekaa kuandika jinsi ya kutazama maandamano. Watu hudhani kutazama hakuna elimu. Mimi tangu Uhuru nimesimama kwenye maandamano ya kila namna — ya kupokea wageni, ya kuunga mkono, ya kulaani — mara nyingi nikiwa na wanafunzi mia mbili nyuma yangu, wote wanataka kwenda chooni. Ninajua.

La kwanza ni jua. Maandamano haya yanaanza saa nane mchana, maana yake saa tisa. Saa hiyo jua limeelekea magharibi. Anayesimama upande wa mashariki wa barabara atapigwa na jua machoni mpaka mwisho, na akirudi nyumbani atasema hakuona kitu. Simama magharibi, ukuta uwe mgongoni. Kivuli utapewa bure.

Usisimame palipo wazi na pananyooka. Hapo malori hukimbia. Tafuta kona. Kwenye kona kila kitu hupunguza mwendo, hata kiburi. Usikae mkabala na spika. Usivae viatu vipya. Mwavuli usifungue, wa nyuma yako ataufunga yeye, na hataufunga kwa adabu. Kula kabla hujatoka, ila kunywa kidogo. Na kabla hujachagua mahali pa kusimama, chagua choo. Hili vitabu havisemi.

Jambo la mwisho, na nalipigia mstari: usikae karibu na ndugu wa anayeandamana. Ndugu hana subira. Akimwona mtu wake, huacha kigoda, huacha mtoto, huvuka kamba.

Nimesoma tena hilo la mwisho. Ndugu wa anayeandamana ni mimi.

Alhamisi, 5 Agosti

Dada Modesta ameshuka kutoka mlimani, na furushi kubwa kichwani. Ana miaka sabini na moja na bado ananitangulia kwenye mteremko. Nimempa shikamoo, akaitika, akaniuliza mbona nimekonda, kisha akauliza alipo mtoto.

Mtoto ni Pendo. Mdogo wetu, mama yake Pendo, alifariki binti akiwa na miaka minne. Modesta akamlea huko juu, mimi nikamchukua kwa ajili ya shule. Ugomvi wetu ni wa hapo. Msichana wa kwetu akivunja ungo huwekwa ndani, hufundwa, kisha hutolewa nje kwa ngoma, amepambwa, amebebwa juu, watu wanamtunza. Pendo alivunja ungo akiwa bweni, wiki ya mitihani. Nilisema shule kwanza. Modesta alisema sawa. Amesema sawa hiyo kila Krismasi kwa miaka sita.

Jioni akaniuliza hilo jambo la Jumamosi ni jambo gani hasa. Nilijaribu "tangazo la biashara". Akanitazama. Nilijaribu "kanivali". Akaendelea kunitazama. Mwalimu mzuri huanzia kwenye kile anachokijua mwanafunzi, kwa hiyo nikamwambia: ni kama kumtoa mwali. Anapambwa, anawekwa juu, anapitishwa mjini, watu wanashangilia.

Akavuta furushi lake karibu, akalikaza fundo. Halafu akasema, "Hatimaye, Laurenti."

Nimefurahi. Ni nadra sana kueleweka mara moja hivi.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimekwenda Mwembesongo kwa Rehani kuomba baraza yake. Nyumba iko upande wa magharibi, kwenye kona, na choo cha uani ni kisafi. Nimeichunguza kama mkaguzi wa shule.

Rehani alikuwa fundi wa reli, ni Mnyamwezi na mimi Mluguru, yaani ni mtani wangu. Kwa mtani hakuna ombi la bure. Alisema baraza yake haipokei watu ambao babu zao walijificha milimani kukwepa mizigo, wakati babu zake wanabeba pembe mpaka pwani. Nikamjibu walibeba, ndiyo, lakini njaa ilipowashika njiani walipanda kwetu kuomba ndizi, na wengine wakasahau kuondoka. Mkewe, Mama Mosi, akasema yeye hana kabila siku ya kanivali, tuje tu na kuni. Tumekubaliana.

Rehani aliuliza ni kweli mpwa wangu atapanda lori. Nikasema ni kweli. Akauliza yeye kama mtani anapata nini. Nikamwambia sabuni.

Nimerudi nikakuta Modesta na Pendo wamefunga mlango wa chumba. Wananong'ona. Nilipobisha wakanyamaza. Nimefurahi kuona wamepatana.

Jumamosi, 7 Agosti, asubuhi

Pendo ameondoka saa kumi na mbili kwenda Msamvu. Hakunywa chai. Alipofika mlangoni akaniuliza kama kweli ataweza kutabasamu saa tatu mfululizo. Nikamweleza misuli ya uso ilivyo, na jinsi ya kuipumzisha kwa zamu. Akanishukuru. Sijui kama alisikia.

Hali ya hewa nzuri, upepo kidogo kutoka milimani. Vigoda viwili, maji nusu chupa, viatu vya zamani. Modesta amebeba furushi lake. Nimemwambia chakula tumeshakula. Akasema anajua.

Jumamosi, 7 Agosti, saa kumi na moja jioni

Nimeingia ndani kutafuta mkeka. Mkeka nimeuona, uko miguuni pangu. Nitaandika kidogo kwanza. Huko nje wanaweza kusubiri — au hawawezi, maana wanapiga ngoma kwenye ndoo zangu.

Niandike kwa mpangilio.

Mpaka saa tisa na robo kila kitu kilikwenda kama nilivyotabiri. Kivuli kilikuja pale nilipokisema. Watu wa upande wa mashariki walikunja nyuso. Nilimweleza Rehani sababu, akasema anajua, anaishi hapo. Lori la kwanza lilipita na spika, la pili na wacheza ngoma waliovaa fulana za kampuni, la tatu likirusha pakiti za sabuni. Nilidaka moja. Nikampa Rehani haki yake. Akasema ni ndogo.

Kisha likaja la nne. Sufi inapeperuka kama mvua ya mawe iliyotubu. Na katikati, juu kabisa, Pendo. Gauni jeupe, taji la karatasi ya kung'aa, mkono hewani, meno yote nje. Nakiri hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilisimama. Niliacha kigoda.

Nilipogeuka kumwonyesha Modesta, alikuwa ameshafungua furushi. Ndani hamkuwa na chakula. Mlikuwa na kanga mpya doti mbili, shanga za mama yetu, na chupa ya mafuta ya mbarika. Akapiga kigelegele. Sijui kama nimewahi kusikia kigelegele kirefu vile. Jumamosi ni siku ya wanawake wa mlimani kuleta ndizi na mboga sokoni. Walikuwa wamejaa kwenye kona ile ile, na kigelegele cha mwali wanakijua hata usingizini. Wakaitikia. Kikavuka barabara, kikarudi.

Hapo Rehani naye akafanya linalompasa mtani kwenye shughuli ya watani wake. Alitandika koti lake barabarani, mbele ya lori, akalala chali.

"Mwali wa Waluguru hapiti," akasema, "mpaka nipewe changu. Na si kile kipakiti."

Lori likasimama. Kanuni yangu ya kona ilikuwa sahihi kabisa: kwenye kona kila kitu hupunguza mwendo. Dereva akachomoa kichwa dirishani kutukana, akamwona Modesta amesimama kwenye kikanyagio cha mlango wake, akameza maneno.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

Akajitaja: Lukasi, wa Mgeta. Modesta akamtajia bibi yake mzaa mama, akamtajia na mto waliokuwa wakiteka maji pamoja. Lukasi akazima injini. Nikaona mambo yanaharibika.

"Mwali mnampeleka wapi?" Modesta akauliza.

"Uwanja wa mpira, bibi."

"Ana mjomba huko uwanja wa mpira?"

Lukasi alifikiri. Aliwaza kweli kweli, nilimwona.

"Hapana, bibi."

"Basi?"

Mimi nilikuwa nimeshafika. Nilimwambia Lukasi tutofautishe mambo mawili: kuna tangazo la biashara, ambalo shabaha yake ni soko, na kuna jando na unyago, ambayo shabaha yake ni malezi. Nilikuwa naingia kwenye hoja ya pili pale Rehani aliponunuliwa kwa mkungu wa ndizi wa mama mmoja, akainuka, na lori likaondoka. Nililidandia upande wa abiria nikiwa na kigoda mkononi. Kwenye njia panda malori matatu yalikuwa yameshaelekea uwanjani. La nne lilishika njia ya Bigwa, kwangu, na wanawake pengine mia nyuma yake, na vikapu vyao, na spika hatuna tena lakini hatukuihitaji.

Modesta alikuwa ameshapanda juu, sijui kwa miguu gani. Nilipochungulia kwa kioo cha nyuma Pendo alikuwa na kanga kichwani na shanga shingoni, mafuta yanang'aa usoni. Bado anatabasamu. Tabasamu la sharti, la kazi. Modesta akamwambia kitu sikioni. Pendo akafunga mdomo, akainamisha macho.

Tumefika hapa saa kumi na nusu. Dakika kumi baadaye pikapu ya kampuni ikaingia na Bwana Shukuru. Anatoka Dar, ni mtu wa makamo, amevaa tai yenye picha ya pakiti. Alisema uwanjani kuna meza kuu, kuna wageni waheshimiwa, na kuna lori pungufu. Hakupaza sauti. Ndipo nilipoogopa.

Wanawake walikuwa wameshamaliza katoni zote za sabuni zilizokuwa kwenye lori. Wamezinunua kwa Lukasi, si kuiba, wakimtunza nazo mwali: wanacheza, wanapanda gurudumu, wanamwekea pakiti miguuni. Bwana Shukuru alizitazama zile pakiti muda mrefu. Kisha akamgeukia Pendo, mbele yetu sote.

"Shuka upande pikapu. Ukishuka sasa hivi tunawahi meza kuu, na kazi ni yako."

Ngoma ilinyamaza. Nikamtazama Pendo. Nilimwombea ashuke — niseme ukweli — na nilimwombea asishuke. Barua ishirini na moja!

"Samahani, bosi," akasema, taratibu, macho chini. "Ulisema nisishuke njiani mpaka mwisho. Na hapa mama mkubwa anasema hivyo hivyo. Mwali hakanyagi chini. Anashushwa na mjomba, begani, mpaka mkekani."

Watu mia wakanigeukia.

Nikasema naenda kuleta mkeka.

Sasa niko hapa. Nina miaka sitini na sita. Pendo amekula ugali wangu miaka minane, na sikuwa nikimlisha kwa hesabu hii. Modesta anaita jina langu, lile la utotoni. Bwana Shukuru hajaondoka. Hajasema kazi ipo, hajasema haipo. Naona kivuli chake dirishani.

Amechungulia. Amevua tai, ameishika mkononi. Anasema, shikamoo Mwalimu, mzigo huu huuwezi peke yako, na anauliza kama mwajiri anaruhusiwa kusaidia. Halafu anauliza mwali huanzia bega gani, la kulia au la kushoto.

Nimemwambia la kulia.

Sijui. Sijawahi kuuliza.